Kutoka Mkataba hadi Cheki Namba

Barabara kuu ya kwenda Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Malori ya kwenda mpakani Tunduma hayalali, na tembo huvuka wanapotaka. Basi likipinduka usiku, majeruhi hukimbizwa Mikumi, mji mdogo uliokaa ukingoni mwa hifadhi, ndani ya Wilaya ya Kilosa. Muuguzi anayewapokea, anayekata nguo zilizoganda damu na kutafuta mshipa wa kuwekea dripu, huenda ni mwajiriwa wa kudumu, huenda ni wa mkataba wa miezi sita. Majeruhi hawezi kujua. Sindano ni ile ile, glavu ni zile zile, na usingizi unaokatishwa ni ule ule.

Tofauti huonekana mwisho wa mwezi. Mwenye ajira ya kudumu na malipo ya uzeeni ana cheki namba, yaani namba yake katika mfumo wa mishahara ya Serikali. Michango yake inaingia PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, benki inamkopesha kwa dhamana ya mshahara, na jina lake lipo kwenye orodha ya wanaosubiri kupanda daraja. Wa mkataba anahesabu miezi iliyobaki. Ndiyo maana kwenye vyumba vya zamu watu hawasemi kwamba fulani ameajiriwa. Husema amepata cheki namba, na kila mtu anaelewa maisha ya mtu huyo yamebadilika kiasi gani.

Katika wilaya kama Kilosa, wafanyakazi wa muda hawafanani. Wapo waliochukuliwa na halmashauri kwa mapato ya ndani au kwa fedha za uchangiaji zinazokusanywa kituoni. Wapo waliokuja na mradi wa UKIMWI, kifua kikuu au chanjo. Wapo wa hospitali za mashirika ya dini, kama ile ya Mtakatifu Kizito ya Kanisa Katoliki hapo Mikumi, ambazo zina mikataba yake na taratibu zake. Na wapo wanaojitolea, ambao wakipata posho ya nauli wanashukuru. Wote hao wana tumaini moja: kwamba kazi njema itawafungulia mlango wa ajira ya kudumu palepale walipo.

Tumaini hilo linahitaji kuelezwa kwa uwazi, kwa sababu limewapotezea wengi miaka. Mkataba wa muda hauna ngazi inayopanda kwenda kwenye ajira ya kudumu. Ni milango miwili tofauti, na wa pili una ufunguo wake. Kila mwaka halmashauri hupanga ikama, yaani idadi ya watumishi inaowahitaji kwa kila kada, pamoja na bajeti ya mishahara yao. Ikama hiyo hupelekwa juu, na Ofisi ya Rais inayoshughulikia Utumishi ndiyo hutoa kibali cha kuajiri. Kibali kikitoka, nafasi hutangazwa kwa nchi nzima. Mganga mfawidhi anayemsifia muuguzi wake kila asubuhi hana mamlaka ya kumgeuza kuwa wa kudumu. Mkurugenzi wa halmashauri naye hana, pasipo kibali na tangazo.

Sheria ya kazi nayo haimgeuzi. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, na kanuni zake za 2007, mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe tarehe yake ikifika. Mtu aliyeongezewa mkataba mara kadhaa anaweza kudai kwamba alikuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa tena, lakini kuongezewa mkataba si kuingizwa katika utumishi wa kudumu.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Kuna wazee Kilosa wanaokumbuka enzi ambazo mhitimu wa chuo cha uuguzi alipangiwa kituo kabla hajamaliza kufungasha sanduku. Miaka ya 1990 masharti ya kurekebisha uchumi yalibana ajira serikalini, na mfereji huo ukakauka. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yaliinuka kwa kasi ambayo ajira haikuweza kuifuata. Juni 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi hewa, na Aprili 2017 ripoti aliyokabidhiwa Rais John Magufuli mjini Dodoma ikataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, wakiwamo wa afya, na pengo walioliacha wodini lilizibwa kwa mikataba na watu wa kujitolea.

Baadaye mlango ulifunguka kwa mawimbi. Mwaka 2022 TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ilitangaza nafasi 7,612 za kada za afya, na 2023 nafasi 8,070. Katika mawimbi hayo mwombaji aliingiza taarifa zake kwenye mfumo wa TAMISEMI na kusubiri kupangiwa. Tangu 2024 kada za afya, kama za walimu, zimepitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na mfumo wake wa Ajira Portal, na sasa kuna usaili. Mabadiliko haya ndiyo yanayomgusa zaidi mfanyakazi wa muda. Zamani alishindana kwa vyeti na mwaka wa kuhitimu. Sasa anashindana pia kwa anachokijua, na hapo mtu aliyeshika wodi miaka mitatu ana faida kubwa kuliko anavyodhani.

Faida hiyo, hata hivyo, lazima iwe imeandikwa. Sekretarieti iko Dodoma. Haijui nani alibaki na mama mwenye kifafa cha mimba usiku kucha huko Kidodi, wilayani Kilosa, wakati gari la wagonjwa liko safarini. Inachokiona ni kile kilichopakiwa kwenye mfumo. Waswahili wa biashara walilisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka ya kazi ya mkataba ni mali, na wengi hawana daftari lake.

Daftari hilo lina haki zake kisheria, na wafanyakazi wengi wa muda hawazijui. Kifungu cha 15 cha sheria ile ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake: cheo, tarehe ya kuanza, mahali, saa za kazi, malipo. Kifungu cha 44 kinamtaka ampe cheti cha utumishi mkataba unapokoma. Mtu akiondoka bila karatasi hizi mbili, miaka yake imebaki midomoni mwa wenzake. Anayejitolea, kwa kuwa mara nyingi hana mkataba wa ajira, aombe mapema barua inayotaja tarehe aliyopokelewa na kitengo alichopangiwa, yenye mhuri na saini. Kuiomba si ujeuri, na kiongozi wa kituo anayeitoa bila kuzungushana anamtendea kijana huyo wema mkubwa.

Sasa vyeti. Matangazo ya Sekretarieti yanarudia masharti yale yale, na bado kila mara watu huanguka kwenye hayo hayo. Mwombaji awe raia wa Tanzania asiyezidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari kazini serikalini. Vyeti vya elimu na taaluma viwe vimethibitishwa na wakili. Hati za matokeo na matokeo ya muda hazikubaliki, kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Barua ya maombi iwe imesainiwa. Maelezo binafsi yawe na wadhamini watatu wanaopatikana. Kama majina yanatofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, chuo na kitambulisho cha NIDA, mwombaji awe amekwisha kufuata utaratibu wa kisheria wa kuyaweka sawa.

Hili la majina limewaliza wengi. Binti aliandikishwa shule kwa jina la babu, chuoni akatumia la baba, NIDA ikaingiza herufi moja tofauti. Akiwa kazini kwa mkataba hakuna aliyemuuliza. Tangazo likitoka na siku zikiwa chache, ndipo anaanza kumtafuta wakili wa kumwandalia hati ya kubadili jina, na usajili wake huchukua muda. Kazi hiyo ifanywe sasa, wakati hakuna tangazo.

Kilosa ina sababu yake ya ziada ya kuhangaikia karatasi. Mto Mkondoa hufurika, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi. Maji yakiingia ndani hayachagui kati ya godoro na cheti. Aliyepoteza cheti cha sekondari atahitaji taarifa ya polisi na tangazo la gazeti kabla Baraza la Mitihani halijashughulikia ombi lake la cheti mbadala, na hayo hayaishi kwa wiki moja. Mwenye vyeti avitunze kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, juu ya kabati, na nakala zake safi aziweke kwenye barua pepe yake mwenyewe.

Yake mwenyewe, kwa sababu kuna tabia ya kwenda stesheneri karibu na halmashauri na kumwachia kijana wa kompyuta kila kitu. Kijana huyo anafungua akaunti kwa barua pepe yake yeye, anaweka nywila anayoijua yeye, na mara nyingine hata namba ya simu ni ya dukani. Miezi inapita, mwombaji anaitwa kwenye usaili, ujumbe unaingia kwenye simu isiyo yake. Vyeti navyo vimepigwa picha juu ya meza, kivuli cha kidole kikiwa kimefunika namba ya usajili. Stesheneri inafaa kwa mashine yake ya kunakili. Akaunti na nywila abaki nazo mwombaji.

Leseni ndiyo karatasi inayosahaulika zaidi. Muuguzi husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, daktari na tabibu na Baraza la Madaktari Tanganyika, mfamasia na Baraza la Famasi. Usajili hufanywa mara moja, lakini leseni ya kufanya kazi huhuishwa. Mwenye mshahara mdogo wa mkataba hushawishika kuahirisha ada. Leseni ikiisha, diploma nzuri iliyopatikana kwa taabu haimfikishi kwenye usaili.

Na wapo wale ambao makala nyingi za ajira haziwataji. Mwanamke anayefagia wodi, anayebeba sampuli maabara, anayewashika mikono wajawazito wakati wa uchungu, na ambaye wagonjwa wote humwita nesi. Cheo anachokifikiria ni Mhudumu wa Afya. Tangu waraka wa utumishi ulioanza kutumika 20 Mei 2004, anayeingia serikalini anatakiwa awe na kidato cha nne, na tangazo la Mhudumu wa Afya huongeza mafunzo ya mwaka mmoja katika fani ya afya kutoka chuo kinachotambuliwa. Bila hayo, miaka kumi ya kufagia haitasomeka. Ni ukweli mchungu, na ni afadhali aambiwe mwaka wa kwanza, akiwa bado na umri wa kurudi darasani, kuliko mwaka wa kumi. Viongozi wa vituo wanaomtumia bila kumwambia hawamtendei haki.

Tukirudi kwa muuguzi mwenye sifa zote, barua yake ya maombi inaweza kumbeba au kumwangusha. Kosa la kwanza ni kuiandika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri anayemjua, wakati tangazo limesema iende kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira. Kosa la pili ni kuandika maneno yasiyo na uzito. "Nina uzoefu wa kutosha na uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu" ni sentensi ambayo kila mwombaji ameiandika, aliyefanya kazi na asiyefanya.

Linganisha na hii, ambayo muuguzi wa wodi ya wazazi angeweza kuiandika kuhusu kazi yake: "Tangu Machi 2023 nimekuwa muuguzi wa mkataba katika wodi ya wazazi. Ninafuatilia uchungu kwa patografu, ninajaza Kitabu cha 12 cha MTUHA, na zamu za usiku huwa tunakuwa wauguzi wawili. Nimeshiriki kuwahudumia akina mama waliotoka damu nyingi baada ya kujifungua na kuwaandaa kwa rufaa." Hakuna neno la kujisifu hapo. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi wodini atajua kwamba mwandishi anaijua, kwa sababu aliyesoma vitabu tu hataji Kitabu cha 12, rejista ya wodi ya wazazi katika MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Aliyekuwa kliniki ya wajawazito ataje Kitabu cha 6. Aliyeingiza taarifa kwenye GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa vituo vya afya vya Serikali, aseme.

Wadhamini nao si majina ya kujaza nafasi. Mganga mfawidhi wa sasa, muuguzi kiongozi wa wodi na mwalimu wa chuo wanatosha, lakini waambiwe kabla. Katika vijiji vya milimani vya Kilosa simu hukosa mtandao, na mdhamini asiyejua kwamba ametajwa, akipigiwa kwa namba asiyoijua, hujibu kwa mashaka.

Kisha usaili. Kwa kawaida kuna mchujo wa maandishi, ambao siku hizi hufanywa hata kwa kompyuta katika vituo vya mikoani, halafu wa mahojiano, na kwa baadhi ya kada wa vitendo. Matangazo yanasema wazi kwamba msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Kwa aliye Mikumi hiyo ina maana ya basi hadi Morogoro na labda kitanda cha kulala. Akitakiwa Dodoma, Kilosa angalau ina stesheni ya reli ya kisasa, na treni za kwenda Dodoma zilianza kubeba abiria Julai 2024. Anayelipwa kwa mkataba hana akiba kubwa, hivyo fedha hiyo ianze kutengwa siku maombi yanapotumwa.

Mbele ya jopo, wa mkataba ana hatari moja ya peke yake: mazoea. Wodi yenye uhaba hufundisha njia za mkato. Mtu anaulizwa hatua za kumhudumia mama anayetoka damu baada ya kujifungua, naye anaeleza wanavyofanya kwao, akaruka kuita msaada, akaruka kukadiria damu, akasahau kipimo cha tahadhari. Mikono yake inajua, ila mdomo haujazoea kupanga. Dawa yake ni kurudi kwenye miongozo ya Wizara ya Afya jioni, mwenzake akimsomea swali naye akijibu kwa sauti, hatua kwa hatua, hadi kazi anayoifanya kila siku iweze kutoka mdomoni kwa mpangilio.

Aliyefaulu na kukosa nafasi hajaanguka. Jina lake huwekwa kwa muda kwenye kanzidata ya Sekretarieti, na nafasi ikipatikana huitwa bila kusailiwa upya. Wengi wameitwa kazini kwa njia hii wakiwa wameshakata tamaa, baadhi wakiwa wamebadili namba za simu. Na katika hatua yoyote ile, hakuna malipo. Anayepiga simu kudai fedha ya kusukuma jina ni tapeli, hata akitaja jina la ofisi kubwa.

Walioko kwenye miradi wanapaswa kuomba mapema kuliko wengine wote. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa 2006, ilipeleka madaktari, wauguzi na watu wa maabara kwa mikataba katika wilaya zisizofikika kirahisi, na baadhi yao waliingia utumishi wa umma baadaye kwa sababu kada zao zilikuwamo kwenye muundo wa utumishi. Katika Mkoa wa Morogoro, ambamo Kilosa imo, mradi wa Connect wa Taasisi ya Afya Ifakara ulianza 2011 kuwalipa wahudumu wa afya wa vijiji katika Kilombero na Ulanga, pamoja na Rufiji mkoani Pwani. Walifunzwa miezi tisa na walifanya kazi nyumba kwa nyumba. Kada yao ilikuwa bado haina nafasi ya kudumu serikalini. Kabla ya kusaini mkataba wa mradi, swali la kuuliza ni kama cheo hicho kinatambulika katika muundo wa utumishi wa umma. Mradi pia unaweza kukatika ghafla: Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alipotia saini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani, wafanyakazi wengi wa mikataba ya miradi Afrika Mashariki walipata barua za kusimama kazi ndani ya siku chache.

Kenya wameijaribu njia ya kudai kwa pamoja. Kati ya wahudumu zaidi ya 7,000 walioajiriwa kwa mkataba 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote, wapo waliokesha nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya jijini Nairobi, mwaka 2025 wakitaka ajira ya kudumu yenye pensheni. Wahudumu wa mpango huo walipelekwa chini ya kaunti kuanzia Septemba mwaka huo. Hoja yao ilikuwa ya haki: kazi ambayo haikomi haifai kufanywa kwa mikataba inayokoma. Hoja hiyo inafaa hata Kilosa, na halmashauri inayoona mkataba ule ule ukiongezwa mwaka wa nne imeshapata ushahidi wa kuiombea nafasi hiyo kwenye ikama.

Siku jina linapotoka, jambo la mwisho humshangaza mwombaji. Nafasi ni za nchi nzima, na aliyeshika wodi Mikumi anaweza kupangiwa Kakonko au Nkasi. Kituo kilichomfundisha kinampoteza, na kingine kinampata. Kabla hajapanda basi apitie ofisi ya utumishi ya mwajiri wa zamani achukue cheti chake cha utumishi, akabidhi zamu na rejista, aripoti ndani ya siku zilizotajwa kwenye barua akiwa na vyeti halisi. Huko ataanza Daraja la II kama mwenzake aliyetoka chuoni mwezi uliopita, kwa majaribio ya miezi 12, kisha athibitishwe kazini.